Redio Kabla ya Macho



Wahitimu, leseni ya urubani mnayoipokea leo inawafungulia hata sehemu za anga ambako sheria haiwalazimishi kusema na mtu yeyote. Nawaomba msiitumie ruhusa hiyo, hata pale ilipo, mnapoingia au kutoka kwenye uwanja mdogo wa ndege uliopakana na anga la jeshi. Wengi wenu mtaanzia kazi uwanja wa Wilson, Nairobi, na upande wa pili wa jiji ipo Moi Air Base, Eastleigh. Wengine mtapeleka watalii Nanyuki, jirani na kambi ya jeshi la anga ya Laikipia. Mpaka mnaouona kwenye ramani ni wino. Huko juu hakuna ukuta, na hewa ni ile ile.

Ushahidi wangu unatoka Marekani. Tarehe 7 Julai 2015, ndege ndogo aina ya Cessna 150 yenye watu wawili ilipaa kutoka uwanja mdogo wa Moncks Corner, jimbo la South Carolina. Wakati huo F-16, ndege ya kivita ya jeshi, ilikuwa ikifanya mazoezi ya kukaribia kutua kwa kufuata vyombo katika uwanja wa Charleston, unaotumiwa na raia na jeshi kwa pamoja. Cessna ilionekana kwenye rada, kwa kuwa transponda yake, kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada, ilikuwa imewashwa, lakini rubani wake hakuwa anazungumza na mwongozaji wa ndege aliye ardhini, wala sheria haikumlazimisha. Mwongozaji alimtahadharisha rubani wa F-16, kisha akamwagiza ageuke kushoto iwapo haioni ndege hiyo nyingine. Agizo hilo la masharti lilikula sekunde, maana rubani aliuliza kwanza kuhakikisha umbali. Alipoambiwa ageuke mara moja, nafasi ilikuwa imeshapotea. Ndege ziligongana kwenye kimo cha futi 1,500 hivi. Rubani wa F-16 alichomoka kwa kiti cha dharura akapona. Wote wawili wa Cessna walikufa.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilisema chanzo ni mwongozaji kushindwa kuutatua ipasavyo mgongano huo, ikataja pia udhaifu wa kanuni ya kuona na kukwepa. Huo udhaifu wa macho nataka tuukazie. Ndege inayokuja kukugonga kwa mkondo ulionyooka haitembei kwenye kioo chako. Imeganda mahali pamoja, nukta ndogo, kisha inavimba katika sekunde za mwisho. Jicho limeumbwa kukamata kinachosogea, kwa hiyo ndege ya hatari zaidi ndiyo ngumu kuliko zote kuonekana. Ongezeni bawa la Cessna linaloziba upande mmoja wa anga, na ndege ya kivita ambayo ikikutazama uso kwa uso ni nyembamba, ya kijivu, na hata ikipunguza mwendo ili itue inakimbia zaidi ya mara mbili ya Cessna inayopanda. Kumwambia rubani afungue macho tu ni kumdai asichoweza.

Mwerevu mmoja kati yenu atanijibu kwamba F-16 ilikuwa ikizungumza na mwongozaji, na bado ndege ziligongana. Ni hoja nzito kuliko zote, na inastahili jibu. Mwongozaji alikuwa na sikio la upande mmoja tu. Hakujua Cessna ile inaelekea wapi wala itaacha kupanda kwenye kimo gani, na hakuweza kuigeuza. Alibaki akikisia mwendo wa mmoja na kumwamuru mwingine. Rubani wa Cessna angeita, pangekuwa na ndege mbili za kuelekezwa, na watu wawili waliotahadharishwa. Sisemi lazima wangepona. Nasema mlango huo haukufunguliwa.

Wapo watakaosema mzigo huu ni wa jeshi, lenye rada na kasi. Kwa haki, nakubali: yeyote anayepitisha ndege ya kivita karibu na uwanja wa raia ana wajibu mkubwa, na uchunguzi ule haukumtwisha marehemu lawama ya kwanza. Lakini uamuzi wa nani mkosaji hutolewa baada ya mazishi, nami nasema nanyi mkiwa hai.

Linalobaki ni woga, na najua kuwa ndio sababu halisi ya ukimya mwingi: rubani mpya anaogopa kukosea maneno kwenye masafa ya redio yenye shughuli, au kufokewa. Basi semeni kwa ufupi: wewe ni nani, uko wapi, kimo gani, unakwenda wapi. Someni notamu, yaani matangazo rasmi kwa marubani, kabla ya kuwasha injini, mjue kama jeshi lina mazoezi siku hiyo. Mkikosea neno, mwongozaji atawaomba mrudie, na mkirudia atakuwa ameshajua mahali mlipo.