MTUMBWI UNA MKUBWA MMOJA
(Maneno yaliyosemwa barazani juu ya kuvuka Mto Rufiji)



Mto wetu wa Rufiji huanzia zikutanapo Kilombero na Luwegu, hushuka hata baharini kuelekea kisiwa cha Mafia. Mashamba ya wengi yako ng'ambo, na watoto wengine huvuka kwenda kusoma. Basi haifai kuwaambia watu, "Msivuke." Yafaa kuwaambia, "Vukeni kwa akili."

Kwanza, shehena. Mtumbwi uliojaa kupita kiasi hupinduka kwa wimbi dogo, au kwa mtu mmoja kusimama. Kabla ya kuondoka tazameni ubavu wake: ikiwa kutoka maji hata ukingo haipati shubiri moja, punguzeni watu au mizigo. Wote wakae chini, vitu vizito viwe katikati, na chombo cha kufulia maji kisikosekane.

Pili, njia. Mto upindapo, maji ya upande wa nje huenda kasi, hula ukingo na kuangusha miti. Matawi ya mti ulioanguka hupitisha maji, lakini mtu hunaswa humo akazama. Jitengeni nao mapema. Wakati wa masika msiamini njia ya jana: mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti.

Tatu, kiboko. Mchana hupenda maji ya kina. Jioni hutoka kwenda kula majani. Msipite kati yake na maji yake ya kina. Piteni kando, penye maji machache, mkigonga ubavu wa mtumbwi ili asikie na kuibuka mbali nanyi. Tena vukeni kabla jua halijatua.

Nne, mtumbwi ukipinduka, msiuache. Wengine humwogopa mamba, wakaogelea kukimbilia ukingo. Nguvu huwaishia katikati ya mto. Mti huelea hata ukijaa maji. Ushikeni pamoja, piteni upande wa juu, maji yatokako, msije mkabanwa kati yake na gogo. Kisha pigeni miguu polepole kuelekea kando. Mwenye jaketi la kuokolea alivae tangu pwani ya mto. Asiye nalo achukue dumu tupu lililofungwa kifuniko barabara.

Mwisho, nasema na ninyi wakubwa. Mtumbwi una mkubwa mmoja, naye ni mwenye pondo. Akisema, "Umejaa," umejaa. Kiongozi mwenye haraka, mwalimu mwenye wanafunzi, tajiri mwenye magunia, wote wangoje safari ya pili. Mkubwa akijilazimisha kupanda, mwenye pondo huona haya kumkataa, na walio wadogo ndio wanaozama. Lakini mkubwa akikubali kungoja ukingoni mbele ya watu, kijiji kizima kitajifunza kungoja.

Anayengoja hupoteza saa moja tu, aliyezama harudi. Kwa herini.