Kichupa Kilichosubiri Msafiri



Juma hili naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa sauti ya chini, tena tukitazama pembeni. Ni saratani ya matiti. Sikusudii kurudia yale ya kuwahimiza akina mama wajichunguze na wawahi hospitali. Hayo mmekwisha kuyasikia, na aghalabu lawama zote huishia kwa mama mwenyewe, kwamba alichelewa, kwamba alianzia kwa mganga. Wapo waliowahi. Shangazi yangu wa Bugene, kule Karagwe, aliwahi.

Kwa msioijua Bugene, ni pale inapofikia barabara ya lami ya kutoka Kyaka, jirani na Kayanga, makao makuu ya wilaya. Ni nchi ya migomba na kahawa. Shangazi alihisi kitu kigumu kama punje ya haragwe katika titi la kushoto mwezi Mei, kahawa ikianza kuiva, na juma lile lile akaenda zahanati. Tabibu alikuwa kijana, tena peke yake, na nje kulikuwa na foleni ya watoto wenye homa. Akampa vidonge vya kuua vijidudu. Mwezi uliofuata akampa sindano. Mara ya tatu akasema ni jipu, lipasuliwe.

Je, namlaumu kijana yule? Kidogo. Uvimbe mwingi wa matiti kwa hakika si saratani, na huenda katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuiona saratani ya titi ikiwa changa. Anayoijua ni ile iliyokwisha kuwa kidonda.

Aliyemwokoa shangazi ni muuguzi mkunga wa zahanati ile ile, mama aliyekaribia kustaafu. Aliweka mkono, akauliza, "Mama, linauma?" Haliumi. "Lina joto?" Halina. Basi akamwambia tabibu, kwa upole, kwamba jipu lisilouma wala kuwa na joto yeye hajapata kuliona, akaomba karatasi ya rufaa iandikwe siku ile ile. Yafaa niongeze hapa, maana redio hufika mbali, kwamba ipo pia saratani inayokuja na wekundu na joto mfano wa jipu. Titi ambalo halikupona kwa dawa za juma moja au mawili lisiongezewe dawa nyingine. Lipelekwe mbele.

Huko mbele daktari wa upasuaji hakuchelewa. Alichukua kinyama kwa sindano nene, akakitia katika kichupa chenye formalini. Kisha kichupa kile kikakaa rafuni majuma matatu, kikisubiri msafiri wa kwenda Mwanza. Msafiri huyo nilikuwa mimi. Nilikipakata ndani ya kikapu, basi zima, kama mtu aliyebeba mayai. Maabara walipokipokea wakaniuliza kilichukuliwa lini, saa ngapi, titi lipi. Titi nililijua. Saa sikuijua, na karatasi ilikuwa kimya.

Mtauliza, saa ina kazi gani? Ina kazi kubwa. Katika tiba hii yuko mtaalamu ambaye mgonjwa hamwoni kabisa, naye ni daktari wa patholojia, yule anayetazama kinyama kwa darubini. Yeye ndiye anayesema kama ni saratani, na kama saratani hiyo ina vipokezi vya homoni. Ikiwa navyo, mgonjwa aweza kufaidika na vidonge kama vile tamoksifeni, vinavyomezwa kwa miaka, wala si ghali kama dawa nyingi za saratani. Kanuni za wataalamu zinataka kinyama kitiwe katika formalini ndani ya saa 1, na kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Kikizidi hapo, kipimo chaweza kusema vipokezi havipo, kumbe vipo. Majuma matatu ni saa 504. Saratani ilionekana, lakini kuhusu vipokezi daktari hakuthubutu kuapa. Akaomba kinyama kipya.

Jibu kamili lilipatikana Desemba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza lengo kwamba tangu mwanamke alalamike mara ya kwanza hadi jibu kupatikana zisipite siku 60. Za shangazi zilipita 200.

Tatizo liko wapi, ikiwa kila mmoja, kwa sehemu yake, aliifanya kazi yake? Liko katikati, baina ya mkono mmoja na mwingine, mahali ambapo hapana mtu. Na sisi wa Kagera hatuwezi kusema jambo hili halina mfano. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Leo anayeishi na virusi ana kadi na namba, na asipofika kliniki yuko mhudumu wa kumtafuta hadi nyumbani. Makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu husafirishwa kwa utaratibu unaojulikana, kwa fomu, hayangoji mpwa wa mgonjwa apate likizo. Njia ipo. Kilichonishinda kuelewa ni kwa nini kinyama cha titi kisipande pikipiki hiyo hiyo, na kwa nini zahanati isiwe na daftari moja lenye tarehe mbili tu, ile ya mama kulalamika na ile ya jibu kurudi, na muuguzi mmoja aliyekabidhiwa kuliuliza.

Shangazi alipasuliwa, akapata dripu, na baada ya hapo mionzi. Kila jioni anameza kidonge chake kibarazani, kwani vipokezi vilikuwapo. Mara ya mwisho nilipokwenda Bugene alinituma zahanati nimpelekee mkunga yule mkungu wa ndizi. Nikaambiwa amekwisha kustaafu. Nikauliza mahali pake amewekwa nani. Tabibu, yule yule, akaniambia bado hajaletwa mtu.