Asilimia ya Nini?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Leo hatutasema habari za mshahara, ila kwa njia ya kuzunguka. Twataka kusema juu ya watoto wetu na hesabu za asilimia.

Sisi tuliosoma shule za misheni tulikaririshwa: zidisha kwa mia, kisha gawanya. Tukapata alama ya vema, tukasahau. Watoto wetu nao wafundishwa vivyo hivyo katika somo la hesabu. Halafu mwalimu wa sayansi akisema kuwa katika hewa kavu oksijeni ni kama asilimia 21, mtoto adhani hilo ni jambo jingine kabisa. Mtoto wa mwenzetu mmoja wa karakana alipata hesabu zote, lakini alipoonyeshwa karatasi ya mshahara wa baba yake alinyamaza kimya.

Kwa hiyo twaomba wazazi na walimu waulize swali moja katika kila somo: asilimia ya nini? Katika uraia, Katiba ya 2010 yamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na tena angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hiyo 25 ni ya kura za kaunti ile, si za nchi nzima. Katika jografia, mwambieni habari za reli: mwinuko wa 1 kwa 50 ni asilimia 2. Garimoshi likienda meta 100 limepanda meta 2. Asicheke, wenye injini wajua mzigo ulivyo mzito hapo.

Na nyumbani, toeni karatasi ya mshahara. Kwa shilingi 40,000, bima ya afya ni asilimia 2.75, yaani 1,100. Tozo ya nyumba ni 1.5, yaani 600, na mwajiri naye hutoa 600 yake. Mwacheni mtoto akague mwenyewe.

Maana hata sisi watu wazima twadanganyika. Tuliwahi kupiga makofi kwa nyongeza ya asilimia 10 kwa wote. Wa 20,000 alipata 2,000, wa 100,000 alipata 10,000. Pengo likatoka 80,000 likafika 88,000, na siku ile hakuna aliyeuliza.

Jioni hii wapeni watoto hesabu hii: mshahara wa 40,000 umepanda asilimia 10, kisha umeshuka asilimia 10. Wengi watasema umerudi pale pale. Jibu ni 39,600.