Talaka ya Maelewano Mbele ya Hakimu
Nchini Tanzania, maelewano ya wanandoa peke yake hayavunji ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Maandalizi huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa; bila hati yake ya kushindwa kusuluhisha, kwa kawaida shauri hukwama. Siku ya kusikilizwa, wahusika hufika na cheti cha ndoa na orodha ya mali iliyosainiwa, kuanzia kiwanja hadi cherehani. Jasho la mke aliyelea watoto na kupika nalo ni mchango katika kuipata mali hiyo, kama Mahakama ya Rufani ilivyoamua mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed. Kulisahau ni dhuluma. Kuhusu watoto, hakimu hutanguliza ustawi wao, hata wazazi wakishakubaliana.