Tuchunge moto wa bwate



Siku ile tunapanda Ngomo, tulibeba mama mwenye uchungu wa kuzaa pamoja na mifuko ya bunga. Kipimo cha motere kilikuwa sawa. Kumbe bwate otomatiki ya kamionete njo ilikuwa inaungua: mafuta yake mekundu yalishakuwa meusi, yananuka. Mama alizalia kando ya barabara. Mungu alisaidia, mtoto ni muzima.

Sasa tumefunga kipimo cha bwate yenyewe. Kikikaribia digrii 120, shofere asimame, aweke P, aache motere itembee polepole mpaka mafuta yapoe. Kwenye mlima, vitesi vya chini.

Na tukubaliane: mgonjwa akiwa ndani, mizigo ibaki.