Mkono unajua, lakini nani atatia sahihi?

(Maneno ya mwanachama mmoja, laborantini, mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka)



Nimeombwa niseme juu ya masomo ya labo, kwa sababu vijana wengi wananiuliza njiani. Na wazazi pia wananiuliza, lakini wao wanauliza bei.

Wengi mnanijua tangu Lugufu. Kule kambini nilikuwa msaidizi katika labo, nikilipwa ile posho ndogo ya wakimbizi. Nilifundishwa kwa macho: tazama mkubwa anavyofanya, fanya hivyo. Kwa miaka minne nilisoma tone la damu kwenye mikroskopi (hadubini, kama tulivyoiita Tanzania), nikatafuta malaria, nikatafuta kifua kikuu katika makohozi. Nilikuwa mwepesi. Mwaka 2007 nilipanda meli Kigoma, nikashuka hapa Baraka na mfuko wangu, na ndani ya mfuko cheti cha kazi chenye muhuri. Nilijiambia: mimi ni mtu wa labo, nitapata kazi.

Kazi nilipata, yani ya kufanya. Katika kituo kimoja cha afya nilisoma glasi, halafu kijana mdogo kwangu, mwenye diploma ya A2, akatia sahihi. Moyoni nilimchukia bure. Kile cheti cha kambi kinasema ulifanya kazi, hakisemi ulisoma. Bila diploma hauandikwi kwa serikali, na siku kituo kikipunguza watu, wewe ndiye wa kwanza.

Sasa nieleze jambo ambalo sikupenda kulisema mbele ya watu.

Siku moja mama alizaa, damu ikamwaga sana. Kikundi chake O. Ndugu yake akajitoa atoe damu. Mimi nikapima kikundi cha yule ndugu: dawa ya anti-A haikushika, anti-B haikushika, nikaandika O. Yule kijana wa A2 akasema tungoje, tuchanganye kwanza seramu ya mama na chembe za mtoaji. Nilikasirika, maana mama alikuwa anakwisha. Akachanganya. Zikashikamana, mbele ya macho yangu. Akaniambia polepole, "Papa, hii damu haiendi kwa huyu mama."

Yule ndugu alikuwa A. Frigo ilikuwa imezimika siku mbili, petroli hakuna, na ile anti-A ilikuwa imekufa ndani ya chupa. Mimi sikujua kwamba kila asubuhi unaijaribu kwanza kwa damu ambayo kikundi chake kinajulikana. Hakuna aliyenionyesha, na mimi sikuwahi kuuliza. Mtoaji mwingine alipatikana, mama akapona, yuko hai mpaka leo. Lakini ingekuwa mkono wangu.

Ndipo nikaenda shule. Nilikuwa na bahati moja: kambini tulifuata masomo ya Congo, nikafanya Examen d'État kule kule, na ile diploma sikuipoteza. Kwa hiyo niliingia moja kwa moja Bukavu, kwenye Institut Supérieur des Techniques Médicales, ISTM, miaka 3 ya A1. Siku hizi, kwa mfumo wa LMD, ile miaka 3 inaitwa lisansi. Kijana asiyemaliza sekondari apitie ITM, pale atatoka na A2 baada ya miaka 4 ya humanité. Na mwenye cheti cha kidato cha nne cha Tanzania aanze kwanza na ikivalansi kwa wizara, asije akauliziwa mlangoni wakati masomo yameanza.

Darasani niliketi na watoto. Mwalimu akauliza, "Juu ya nini tone nene la damu hatulitii alkoli?" Mimi niliyefanya matone nene bila hesabu, nikanyamaza. Msichana mmoja akajibu: ukilitia alkoli, chembe nyekundu zinakauka mahali pake, usipolitia, zinapasuka ndani ya maji ya Giemsa na vimelea vinabaki wazi. Miaka minne nilifanya vizuri bila kujua sababu. Na nilijifunza pale kwamba kabla ya kuandika "hakuna" lazima utazame sehemu 100 za glasi. Kambini, foleni ikiwa ndefu, nilitazama ngapi? Msiniulize.

Sasa nije kwa sanduku letu. Chama kinalipa minervali, tunashukuru. Lakini minervali si yote. Kuna malipo ya staje, bluzi nyeupe, nyumba ya Bukavu, mafuta ya kupikia, na mwishoni kuchapisha TFC. Wanafunzi wetu hawaanguki mwaka wa kwanza, wanaanguka karibu na mlango, wakati wa staje, mahali ambapo mkono unafundishwa kweli. Leo tuna binti mmoja nyumbani, amepita mitihani yote ya darasa, staje hajafanya. Anauza samaki sokoni. Kuuza samaki si haya, lakini chama kimekwisha kumlipia miaka miwili.

Kwa wafadhili ninasema kwa heshima: mikroskopi ni zawadi nzuri, na picha yake inapendeza. Tunazo mbili zenye vumbi. Kabla ya ya tatu, tumalizie huyu binti.

Na kwenu vijana, msidanganywe kwamba diploma italeta mshahara wa serikali mwezi ujao. Wenzangu wengi wenye diploma wanangoja bado, wanaishi kwa yale wagonjwa wanayolipa. Kuna watu pia watawauzia diploma iliyokwisha kuandikwa jina lako. Ile karatasi haitajua kama frigo ilizimika.

Kila alhamisi saa nane niko ofisini kwa chama. Mleteni bultini zote, za kambi na za hapa, hata zilizoliwa na panya. Tutaziangalia moja moja. Na swali la staje ya yule binti, Papa Prezida, ninaomba liandikwe leo, kabla hatujaenda kula.