Msimamizi wa Wakaguzi wa Madini ya Risasi: Mazungumzo na Kaya za Gulfton



Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili. Ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, na ni madini mazito ya kijivu ambayo zamani yalichanganywa katika rangi za nyumba na hadi leo hutumika katika betri za magari. Kwa familia iliyokimbia vita vya Kivu, maana ya kwanza ndiyo inayotangulia masikioni. Mkalimani akisema kwa haraka katika simu kwamba mtoto ana risasi katika damu, mama anaweza kushikwa na hofu kubwa. Au, akimwona mtoto anacheza mbele yake bila jeraha, akaona kwamba amepigiwa kimakosa na kukata simu. Wengi waliosoma kwa Kifaransa huko Congo huyajua madini haya kwa jina la plomb, na jina hilo moja lingeondoa utata wote. Wajibu wa kuhakikisha kwamba neno sahihi limetumika hauko kwa mkalimani peke yake. Uko kwa msimamizi wa wakaguzi na waelimishaji wa afya ya mazingira, mtumishi ambaye familia nyingi hazimwoni wala hazijui kwamba yupo. Mazungumzo haya yanamhusu yeye, pamoja na yale ambayo kaya ina haki ya kuyadai kwake.

Majengo mengi ya Gulfton yaliinuliwa katika miaka ya 1960 na 1970, biashara ya mafuta ilipostawi na vijana wakamiminika Houston kutafuta kazi. Bei ya mafuta ilipoanguka katika miaka ya 1980, wapangaji hao waliondoka, na vyumba vikajaa familia za wahamiaji, kwanza kutoka Amerika ya Kati, baadaye kutoka pande nyingi za dunia. Vyumba vilivyokusudiwa vijana wasio na watoto vikawa makao ya watoto wanaotambaa. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za kuishi nchini Marekani mwaka 1978. Jengo lililotangulia mwaka huo linaweza kuwa nayo chini ya matabaka ya rangi mpya, na linaweza lisiwe nayo. Kwa macho matupu haijulikani.

Wala kwa kumtazama mtoto haijulikani. Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka 2 kutoka familia ya wakimbizi wa Sudan alifariki kwa sumu ya madini hayo, wiki chache tu baada ya kuwasili Marekani. Ugonjwa ulianza kwa homa ndogo na kutapika, mambo ambayo kila mzazi ameyaona mara nyingi na yakapita. Familia ile ilikuwa imevuka hatari zote za safari. Sumu iliyomuua mtoto ilikuwa katika rangi ya nyumba waliyopewa kuishi.

Vifo vya namna hiyo ni nadra sana. Madhara ya kawaida ni ya kimya: akili ya mtoto hupungua kasi ya kujifunza, utulivu humtoka, na mwalimu humwita mzembe. Hakuna kiwango cha madini haya katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Tangu Oktoba 2021, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, CDC, hutumia mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu kuwa alama ya kuchukua hatua. Kabla ya hapo alama ilikuwa 5. Taasisi hiyo inapendekeza kwamba kila mtoto mkimbizi mwenye umri wa miaka 16 au chini apimwe damu ndani ya siku 90 za kuwasili, na wenye miaka 6 au chini wapimwe tena baada ya miezi 3 hadi 6. Kipimo hicho cha pili ndicho kinachosahaulika, ilhali ndicho kinachoonyesha kama nyumba mpya inamdhuru mtoto.

Wanaotoka pwani ya Kenya watakumbuka Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe ameathirika, akaanza kudai haki pamoja na majirani. Alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Watu wale walilazimika kuutafuta ukweli wenyewe. Katika jiji la Houston kuna mtumishi wa umma ambaye kazi yake ni kuja kuutafuta, na inafaa mlango ufunguliwe.

Anayekuja hubisha hodi akiwa na kitambulisho, na familia ina haki ya kukiona kabla hajaingia. Anayepima rangi anatakiwa awe na cheti cha Idara ya Huduma za Afya ya Jimbo la Texas. Huweka ukutani, mlangoni na kwenye fremu za madirisha mashine ndogo ya mkononi inayotumia miale ya eksirei kusoma yaliyomo chini ya matabaka ya rangi, bila kuchimba ukuta. Kisha hufuta sehemu ya sakafu na ya ukingo wa dirisha kwa kitambaa chenye unyevu, akakipeleka maabara. Dirisha hutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa kila linapofunguliwa na kufungwa mbao husagana, na rangi ikawa vumbi ambalo mtoto hulichukua kwa vidole na kulipeleka mdomoni.

Hapa desturi njema inaweza kuharibu kazi. Nyumba ya Mswahili hufagiliwa na kupigwa deki mgeni anapotarajiwa; lakini kwa mgeni huyu, usafi wa dakika ya mwisho huondoa vumbi lile lile alilolifuata, na majibu yakatoka mazuri kuliko ukweli. Nyumba ibaki ilivyo siku zote. Msimamizi mwema huwaagiza watumishi wake waseme hivyo siku ya kupanga miadi, si wakiwa wamekwisha kusimama mlangoni.

Kazi yake nyingine hufanyika mezani. Husoma kila ripoti na kuuliza: mtoto analala chumba gani, na chumba hicho kilipimwa? Mbona baraza haikutajwa? Nyumba yenye mtoto mchanga imewekwa mbele au imesubirishwa? Mara nyingine hufuatana na mkaguzi. Mara nyingine huipigia familia simu baadaye na kumwomba mama aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, ameambiwa nini. Mama asipoweza kueleza, mwelimishaji hurudi. Idadi ya milango iliyobishwa kwa mwezi hupendeza katika taarifa, lakini haimwambii msimamizi kama kuna hata mtoto mmoja aliyeondolewa karibu na dirisha bovu.

Ni juu yake pia kuzuia kosa linalofanyika kila siku, la kumgeuza mtoto wa shule kuwa mkalimani wa wazazi wake. Chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kuwahudumia watu kwa lugha wanayoielewa. Mkalimani hailipiwi na familia.

Mwelimishaji naye huuliza yaliyo nje ya ukuta. Wanja unaopakwa machoni mwa watoto wachanga mara nyingi hutengenezwa kwa madini haya haya. Watafiti waliopima masufuria ya alumini yanayofuliwa kwa vyuma chakavu, yakiwemo ya Kenya na Tanzania, walikuta baadhi yanatoa risasi katika chakula. Udongo unaoliwa na wajawazito, ule uitwao pemba, unahitaji tahadhari hiyo hiyo. Mwaka 2009 jimbo la Texas lilitoa onyo juu ya udongo wa aina hiyo kutoka Afrika Magharibi. Baba anayebomoa majengo au kushughulika na betri avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto. Vyakula vyenye chuma na kalisi, kama maharage, dagaa, maziwa na mboga za majani, humsaidia mtoto asifyonze madini kwa wingi, ingawa haviyatoi yaliyokwisha kuingia. Mwelimishaji anayeingia na kutangaza kwamba vitu vya nyumbani Afrika ni sumu amekwisha kuipoteza familia, na msimamizi akisikia hivyo hana budi kumrudisha darasani.

Kuna hofu mbili ambazo watu huzisema kwa sauti ya chini. Ya kwanza ni hati za uhamiaji. Ukaguzi huu unahusu rangi, vumbi, udongo na maji. Familia ina haki ya kuuliza majibu yatapelekwa kwa nani, na msimamizi anapaswa kujibu waziwazi. Ya pili ni mwenye nyumba. Sheria ya Texas inamkataza kulipiza kisasi, kwa kumfukuza mpangaji au kumpandishia kodi, ndani ya miezi 6 baada ya mpangaji kudai matengenezo kwa nia njema au kulalamika kwa mamlaka ya nyumba. Kinga hiyo haimfuniki aliyelimbikiza deni la kodi, kwa hiyo risiti zitunzwe. Aidha, kwa jengo la kabla ya 1978, mwenye nyumba anapaswa kumweleza mpangaji anachokijua kuhusu rangi hiyo kabla ya mkataba kutiwa saini.

Wakati majibu yanasubiriwa, kitanda cha mtoto kisogezwe mbali na dirisha, sakafu na kingo zifutwe kwa kitambaa cha maji, na rangi inayobanduka isikwanguliwe wala kupigwa msasa. Majibu yakichelewa, au yakija kwa lugha isiyoeleweka, mpangaji yeyote wa Houston anaweza kupiga 311, akaomba mkalimani wa Kiswahili, na kusema anamtaka msimamizi wa mpango wa madini ya risasi wa Idara ya Afya ya Houston. Awe na tarehe ya ukaguzi na namba ya nyumba karibu.